Shangazi, mhariri anataka niifumue riwaya yangu

Shangazi, shikamoo. Nimekaa miaka minne na riwaya yangu, kurasa 310, kuhusu Salimu anayerudi Pangani kumzika baba yake. Mhariri kasema sura sita za mwanzo, maisha ya Salimu Dar, zitoke. Halafu eti mwenye hadithi si Salimu, ni dada yake aliyebaki nyumbani. Kila nikifungua mswada naishia kusahihisha mikato. Nitafute mchapishaji mwingine? — Mwandishi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole. Hiyo mikato iache kwanza. Fundi kashasema gauni lifumuliwe, wewe unalipiga pasi!

Sura sita ulizihitaji wewe, ili umjue Salimu. Msomaji ana haja gani na vyumba alivyopanga Dar wakati maiti inangoja kuzikwa? (Mimi ningeruka kurasa.) Kukata ni kazi ndogo. Zito ni kubadili msimulizi, maana dada hawezi kusimulia asichokiona. Chukua karatasi, andika matukio yote, yatie alama yale ambayo yeye alikuwapo. Yaliyobaki ama yamfikie kwa simu na umbea, ama yafe.

Mwaka 1957 Harper Lee wa Marekani alipeleka mswada wake kwa wachapishaji. Mhariri wake, Tay Hohoff, akaona uhai umo kwenye kumbukumbu za utoto za mhusika mkuu, si kwenye utu uzima wake. Lee akaandika upya, akafumua tena, mpaka To Kill a Mockingbird ikatoka 1960. Ule mswada wa kwanza ulichapishwa 2015, na ukivisoma vyote viwili utaona Hohoff aliona nini.

Sisemi kila mhariri anapatia. Wako mpime. Hifadhi nakala ya zamani, usiichungulie, kisha andika usiku wa matanga kwa kinywa cha dada: nani alimuuguza mzee, nani anajua hati ya shamba la minazi ilipo. Kurasa tatu tu. Zikikukwama, mrudie mhariri mbishane. Ukishtuka chai imepoa na adhuhuri imeadhiniwa, jibu unalo, na kuhama mchapishaji hakutakuondolea kazi hiyo.

Halafu mpe jina. Barua nzima Salimu umemtaja, yeye umemwita "dada yake" tu.