Kimbunga Kikielekea Kisiwani: Majibu kwa Wageni na Wakazi

Msimu wa vimbunga katika Bahari ya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kilele chake huwa karibu na tarehe 10 Septemba. Barua zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watalii na kwa wakazi wa visiwa vya mapumziko, na kwa kuwa hofu zao zinagusana tumeona ni vyema zijibiwe pamoja.

SWALI: Nimelipia juma zima katika hoteli ya ufukweni kwenye kisiwa kimoja cha Karibi. Jua linawaka na bahari imetulia, lakini taarifa zinasema kimbunga kiko umbali wa siku tatu au nne, na huenda kikapita pembeni. Wenyeji wananiambia wameshazoea. Je, niondoke au nisubiri nione kinavyoelekea?
— Mgeni wa hotelini

JIBU: Ondoka, ndugu msomaji, na uondoke wakati jua bado linawaka. Wageni wengi huitazama mbingu, ilhali cha kutazamwa ni ratiba ya feri na ndege. Mawimbi marefu yanayosukumwa na kimbunga hukitangulia kwa mamia ya kilomita, kwa hiyo bahari huanza kuchafuka gatini anga likiwa bado jeupe, na feri husimamishwa kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Mashirika ya ndege nayo huondoa ndege zao mapema ili zisiharibikie uwanjani, na viti vya safari za mwisho hugombewa na wote waliokuwa wakisubiri waone. Mawimbi hayo pia huzaa mikondo inayowavuta waogeleaji hadi kilindini, kwa hiyo usiingie majini hata kama ufuko unakuvutia.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichopo Miami, hutoa tahadhari ya awali takriban saa 48, na onyo kamili takriban saa 36, kabla ya kufika kwa upepo wa kasi ya kilomita 63 kwa saa, na idara za hali ya hewa za visiwa vingi vya Karibi hufuata utaratibu huo huo. Kiangalie vizuri kipimo hicho. Saa hizo hazihesabiwi hadi kimbunga chenyewe kifike. Zinahesabiwa hadi ufike ule upepo wa mwanzo, ambao tayari unatosha kumzuia mtu asifanye kazi yoyote ya maana nje ya nyumba. Anayengoja onyo kamili ndipo aanze kutafuta tiketi amejipunguzia muda yeye mwenyewe.

Kuhusu tumaini kwamba kitapita pembeni, ramani yenye umbo la pia unayoiona kwenye taarifa haionyeshi upana wa kimbunga wala eneo litakaloharibiwa. Inaonyesha tu mahali kitovu chake kinapoweza kupita, na kwa makadirio kitovu hicho hubaki ndani ya umbo hilo mara mbili tu katika kila mara tatu. Nguvu yake nayo hubadilika upesi. Mwezi Oktoba 2005 kimbunga Wilma kilipanda kutoka dhoruba ya kitropiki hadi daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa, ndani ya saa 24. Siku mbili baadaye kilikipiga kisiwa cha Cozumel nchini Mexico, kikazubaa katika eneo hilo kwa zaidi ya siku nzima, huku maelfu ya watalii wa pwani hiyo wakiwa wamejazana katika makazi ya dharura.

Wenyeji wanaosema wamezoea hawakudanganyi, lakini wanazungumza kutokana na hali yao. Wao wana majirani, wana akiba ndani, na wanajua njia ipi hujaa maji kwanza. Wewe una begi na ufunguo wa chumba. Ndiyo maana katika visiwa vya Florida Keys, vilivyounganishwa na bara kwa barabara kuu moja tu, wageni huamriwa kuondoka kwanza na wakazi hufuata. Mgeni anayechelewa hukalia kiti katika makazi ya dharura, hunywa maji ya akiba, na huchukua nafasi barabarani ambayo mkazi ataihitaji baadaye.

Kwa upande wa fedha, wasiliana na shirika lako la ndege leo, kwani kimbunga kinapotangazwa mashirika mengi huruhusu tarehe kubadilishwa bila ada. Bima ya safari itakufaa ikiwa ulikuwa nayo kabla kimbunga hakijapewa jina. Ukiinunua baada ya hapo, kwa kawaida haitalipia madhara ya kimbunga hicho.

SWALI: Feri zimeshasimama nami nimebaki. Chumba changu kiko ghorofa ya kumi na nne, kinatazama bahari, na kina mlango mkubwa wa kioo. Hoteli inatutaka tulale katika ukumbi wa mikutano ulio ghorofa ya tatu. Je, si salama zaidi kukaa juu, mahali ambapo maji hayawezi kufika?
— Msafiri aliyekwama

JIBU: Kuhusu maji uko sahihi, lakini kadiri unavyopanda juu ndivyo upepo unavyozidi. Wataalamu wa Miami hueleza kwamba kwenye kilele cha jengo la ghorofa 30 upepo huweza kuwa na nguvu ya daraja moja zaidi ya ule wa chini. Mahali panapofaa ni katikati: juu ya kimo ambacho bahari inaweza kufikia, chini ya ghorofa za juu kabisa, ndani ya kuta za zege na mbali na vioo. Ikiwa ukumbi huo hauna madirisha, uongozi umekuchagulia vizuri, nawe uende.

Kabla ya kushuka, ingiza ndani viti na meza za roshani, kwa sababu kiti cha plastiki kikishachukuliwa na upepo huo huvunja kioo cha jirani. Jaza maji kwenye beseni la kuogea. Hayo ni ya kumwagia chooni, si ya kunywa. Shuka kwa ngazi, kwani umeme ukikatika lifti itasimama nawe ukiwa ndani. Chukua pasipoti, dawa zako, fedha taslimu, tochi na chaja yenye akiba ya umeme, na vaa viatu vilivyofunika mguu mzima hata wakati wa kulala. Watu wengi huumizwa na vipande vya kioo na misumari wanapotembea gizani.

Jambo moja zaidi. Upepo ukikoma ghafla na nyota zikaonekana, usitoke. Huenda hilo ni jicho la kimbunga, na likishapita upepo hurudi kwa nguvu ile ile kutoka upande wa pili.

SWALI: Mimi ni mkazi, nina watoto watatu, na nyumba yetu iko karibu na ufuko. Mume wangu anasema hiki ni cha daraja la kwanza tu, kwa hiyo tubandike vioo utepe, tuache dirisha moja wazi ili upepo usije ukapasua nyumba, kisha tutulie. Nina wasiwasi.
— Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, wasiwasi wako una msingi. Daraja la kimbunga hupima kasi ya upepo peke yake. La kwanza huanzia kilomita 119 kwa saa, lakini namba hiyo haisemi lolote kuhusu bahari itakayosukumwa juu ya nchi kavu wala kuhusu mvua. Wataalamu waliochunguza vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki nchini Marekani kwa takriban miaka 50 walikuta kwamba karibu nusu vilitokana na bahari hiyo iliyopanda. Kwa hiyo swali la kumuuliza mume wako si kimbunga ni cha daraja gani, bali ni nyumba yenu iko juu ya usawa wa bahari kwa mita ngapi. Kimbunga Dorian kilipofika Bahama mwezi Septemba 2019, maji yalipanda mita kadhaa katika visiwa vya Abaco na Grand Bahama, na waliokuwa na nyumba imara kabisa walijikuta darini. Ikiwa mamlaka imetaja eneo lenu katika amri ya kuhama, hameni mchana. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na 30 huweza kuchukua gari dogo.

Utepe hauzuii kioo kuvunjika. Unachofanya ni kukifanya kivunjike kwa mapande makubwa zaidi. Kinachosaidia ni mbao za plaiwudi zenye unene wa takriban milimita 16, zilizokatwa kwa kipimo cha kila dirisha na kutobolewa matundu mapema. Andikeni nyuma ya kila ubao jina la dirisha lake, kwa mfano “jikoni, kushoto”, msije mkahangaika kuzipima upya upepo ukiwa umeshaanza. Kuhusu dirisha la kuachwa wazi, hayo ni maneno ya zamani yasiyo na ukweli. Upepo ukipata pa kuingilia huinua paa kutoka ndani, kwa hiyo fungeni kila kitu, pamoja na milango ya vyumba.

Uani, ondoeni kila kinachoweza kuruka: ndoo, vyungu vya maua, baiskeli za watoto. Kama kuna minazi karibu, nazi ziangushwe mapema na mtu anayejua kazi hiyo. Ila msianze kukata matawi makubwa siku ya mwisho, kwani gari la taka halitapita tena na matawi hayo yatageuka mishale.

Maji ya kunywa na kupikia huhesabiwa kwa takriban lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Mwongozo wa kawaida husema akiba ya siku tatu, lakini kwa kisiwa naona hiyo ni haba. Bandari lazima ikaguliwe kabla meli ya kwanza haijafunga gati, kwa hiyo mkiweza, wekeni ya wiki mbili. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi chakula kwa takriban saa 48, na jokofu la kawaida kwa saa 4. Kuna mbinu ndogo inayowafaa wanaohama: gandisheni kikombe cha maji kwenye friza, kisha wekeni sarafu juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta sarafu imezama chini ya kikombe, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama iliyokuwa humo haifai kuliwa hata kama sasa ni ngumu kama jiwe.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, mbali na milango na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na kila baada ya kimbunga kikubwa huwapo watu waliosalimika na upepo wakauawa na jenereta iliyowekwa barazani.

SWALI: Ninafanya kazi ya usafi wa vyumba hotelini. Kila kimbunga kinapokuja tunatakiwa kubaki tukiwahudumia wageni, tukiingiza viti na kufunga madirisha ya hoteli, huku nyumba zetu zikiwa hazijafungwa. Je, nifanye nini bila kupoteza kazi?
— Mhudumu

JIBU: Barua yako imenisumbua kuliko zote, kwa sababu jambo hili halisemwi katika miongozo inayogawiwa watalii. Hoteli inahitaji kikosi cha kubaki, hilo halina ubishi, lakini kikosi hicho huundwa mwanzoni mwa msimu na si siku ya onyo. Nenda kwa msimamizi wako, ikiwezekana pamoja na wenzako, mkaombe majibu ya maandishi: nani atabaki na nani ataachiliwa, saa ngapi, na kama wanaobaki wanaruhusiwa kuleta familia zao kulala katika jengo hilo hilo. Zipo hoteli zinazoruhusu hivyo, na kwa maoni yangu ndizo zinazofanya haki, kwani mfanyakazi anayejua watoto wake wako ghorofa ya tatu hufanya kazi akili ikiwa imetulia.

Ombeni pia mpewe angalau nusu siku ya kufunga nyumba zenu mara tahadhari ya saa 48 inapotolewa, kwa zamu, wengine wakiendelea na kazi. Mwajiri anayewaachilia watu baada ya mabasi kusimama hajawaachilia. Amewatoa tu chini ya paa lake. Ukiona mambo yanaelekea huko, wapeleke watoto kwa ndugu aliye sehemu ya juu mapema, hata kama itabidi wakose masomo siku hiyo.

SWALI: Kimbunga kikishapita, je, mgeni abaki asaidie usafi au aondoke?
— Mwenye nia njema

JIBU: Aondoke kwa chombo cha kwanza kinachopatikana, isipokuwa kama ana ujuzi ulioombwa, kwa mfano tiba au ufundi wa umeme. Baada ya kimbunga Maria, kilichoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, ilichukua takriban mwaka mzima kurudisha umeme kwa wateja wote. Kisiwa cha Barbuda, kilichopigwa na Irma wiki mbili kabla ya hapo, kilibaki bila mkazi hata mmoja baada ya watu wote kuhamishiwa Antigua. Kila mgeni anayeondoka mapema huacha kitanda, maji na mafuta ya jenereta kwa asiye na pa kwenda. Nia yako njema itumie baadaye: uwanja wa ndege ukifunguliwa na hoteli zikatangaza kwamba ziko tayari, weka nafasi upya badala ya kudai fedha zako zote, kwa sababu mishahara ya wale waliokufungia madirisha hutegemea vyumba kujaa tena.