Milioni Kumi za Shemeji Ndizo Zilizoninyima Viza

Juzi usiku kijana mmoja wa Muheza aliniandikia: "Kaka shikamoo. Nimeona picha zako za Ulaya. Nipe koneksheni yako ya pale ubalozini, nitakutoa." Nikamwitikia marahaba, nikaweka simu chini, nikalala na hasira. Asubuhi hasira ilikuwa imepoa lakini haijaisha, ndiyo maana naandika.

Koneksheni! Mimi nina miaka 9 kwenye duka la stesheneri hapa Ngamiani, Tanga, najaza fomu za watu. Pasipoti, NIDA, vyeti vya RITA, ajira, mikopo ya chuo. Mtu anakuja na bahasha imekunjwa mara nne, anasema "fundi, nisaidie hapa", nami namsaidia. Halafu mtu huyohuyo anayejazia mji mzima fomu, mwaka 2023 alinyimwa viza kwa fomu ambayo hata hakuijaza kwa mkono wake. Koneksheni niliyowahi kuwa nayo ni hiyo, na matokeo yake nitakusimulia.

Najua wewe unayesoma hapa una pasipoti kabatini, chini ya nguo za sikukuu. Umelipa 150,000 yako Uhamiaji, umeipokea, umefunua kurasa zote ukazikuta nyeupe, ikakuuma. Yangu ilikuwa na mihuri ya Horohoro tu, ya siku nilipokwenda harusi Mombasa. Nilitaka kwenda Ulaya kutazama. Basi. Sina ndugu huko, sikuwa na semina wala mchumba. Tangu mdogo nawaona Wazungu wakishuka stendi na mabegi mgongoni, wanauliza njia ya mapango ya Amboni, ya Pangani, ya Lushoto, na hakuna anayewauliza wamefuata nini. Nikajisemea, nami nitakwenda kwao niwatazame, nipande treni zao, nile chakula chao kisicho na ladha, nirudi nisimulie barazani.

Nchi yenyewe siitaji. Bado nina nia ya kurudi.

Sasa, ujanja wangu. Kulikuwa na bwana mmoja Dar anayejiita wakala. Alichukua shilingi 400,000, akasema fomu niachie mimi, wewe lete pasipoti, picha, na stetimenti ya benki "yenye uzito". Hilo ndilo neno lake, uzito. Akaunti yangu ilikuwa na milioni moja na laki tatu, wiki nyingine laki nane, kwa sababu pesa ya duka hailali. Ikiingia leo kesho ni rimu za karatasi na wino. Nikamwendea shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anauza mbao. Hakuuliza mara mbili. Tarehe 2 Julai milioni 10 zikaingia, tarehe 11 nikachukua stetimenti, tarehe 12 nikamrudishia na kumbebea kuku. Nilijiona mjanja ambaye Tanga haijapata kumzaa.

Nikapanda basi la alfajiri pale Kange, kilomita 350 hadi Dar, nikalala kwa shangazi Temeke, saa 3 asubuhi niko dirishani ubalozini.

Cha kwanza kukataliwa kilikuwa picha. Mimi, ambaye ukutani kwangu pametundikwa kitambaa cha bluu cha kupigia picha za pasipoti, sikujua kwamba wao wanataka nyuma yako pawe peupe au rangi hafifu, picha yenyewe milimita 35 kwa 45. Nikatoka mbio nikapiga nyingine kwa elfu kumi, mpiga picha akiniambia "kidevu juu kidogo, usicheke", maneno yangu mwenyewe ninayowaambia watu kila siku. Ningeweza kulia.

Halafu maswali. Unafanya kazi gani? Nina duka. Siku hizo zote duka ataliangalia nani? Nikajibu, "Nitafunga tu." Hizi milioni 10 zimetoka wapi? "Akiba." Hoteli uliyopanga iko sehemu gani ya mji? Hapo nikanyamaza. Hoteli alipanga wakala, hata jina lake sikuwa nimelisoma. Nilikuwa naisikia fomu yangu kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mtu mwingine.

Bahasha ya majibu niliifungulia stendi ya Magufuli, Mbezi, nimekaa juu ya begi. Karatasi ya kunyimia ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ni ya aina moja kwa wote, sababu zimepangwa mstari kwa mstari na wao wanatia alama panapokuhusu. Mimi nilitiwa mbili: kwamba maelezo yangu ya sababu ya safari na namna nitakavyokaa hayaaminiki, na kwamba wana mashaka kama nitaondoka kabla ya viza kwisha. Chini wameandika habari za kukata rufaa. Sikukata. Ningekwenda kusema nini, kwamba pesa za shemeji zilikuwa halali?

Kilichoniuma kuliko ada ya euro 80, ambayo hairudi upewe usipewe, ni ile alama ya pili. Sisi watu wa Tanga mgeni akija tunamtania, waja leo waondoka leo? Tunamsikitikia kwamba ataondoka. Wenzetu kabla hujafika wanataka ushahidi kwamba utaondoka. Na mtalii wao akitaka kuja kwetu, wengi wanalipa dola 50, mtandaoni au hata akishashuka uwanja wa ndege, anapewa hadi siku 90, haulizwi nani kamwachia duka. Niliwaza hayo kutoka Chalinze mpaka Segera. Yana ukweli. Lakini ukweli huo haukuwa na la kufanya na milioni zangu za kuazima, na ilinichukua muda kukubali.

Mtaani nilikuwa nimeshatangaza. Nilikuwa nimenunua na koti zito mitumbani. Mwaka mzima nikipita barazani wananiita "Ulaya". Ulaya, umesharudi? Ulaya, kwenu baridi? Koti likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka, mteja akiuliza bei nasema haliuzwi.

Niliyoyafanya baada ya hapo hayana utamu wa kusimulia. Niliacha kuweka mauzo mfukoni. Kila shilingi ya fotokopi ilipita lipa namba au ikapelekwa benki Ijumaa, nikawa na daftari la mauzo, nikalipa kodi kwa tarehe zake, nikamtafutia mama watoto kijana wa kumsaidia dukani. Miezi 20 hivi. Stetimenti ikaanza kufanana na duka lenyewe: elfu arobaini, elfu sitini, laki moja na nusu siku ya matokeo ya mitihani. Hakuna mlima wa ghafla. Mwisho ilisimama kwenye shilingi 8,100,000, zote zimepanda taratibu, na yeyote angeweza kuzifuata kwa kidole kutoka chini mpaka juu.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wanisikilize. Acheni kuazima salio. Yule anayesoma stetimenti haangalii namba ya mwisho peke yake, anaangalia namna ulivyofika. Milioni 10 zinazoshuka kama mvua ya mawe siku 9 kabla ya kuchapisha karatasi, hata mimi wa stesheneri nikiziona nitajua. Heri milioni tatu zako na safari ya siku tano. Nitasema tena baadaye kwa sababu najua hamsikii.

Mara ya pili fomu niliijaza mwenyewe, usiku, duka limefungwa. Machi 2025, safari ya Mei. Mara ya kwanza nilipeleka maombi zikiwa zimebaki siku 18, wakati wao wanaruhusu kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika 45. Hesabu mwenyewe. Ada ilikuwa imepanda tangu Juni 2024, euro 90, kwa shilingi ikazidi laki mbili na nusu. Tiketi ya ndege usinunue, weka nafasi tu. Hoteli panga mwenyewe, jina lake ulijue, na mtaa uujue.

Bima ya safari ni lazima, isiyopungua euro 30,000, iwe ya matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, uzima au umauti. Mama watoto alisoma ile karatasi mpaka mwisho, akaivua miwani. "Yaani umeshalipia na maiti yako?" Nikamwambia ndiyo masharti. Akasema, "Basi wao wana uhakika zaidi yangu kwamba utarudi." Ndani ya nyumba yetu huo umekuwa mzaha mpaka leo, ila siku ile hakuwa anacheka.

Nilibeba leseni ya biashara, TIN, karatasi ya TRA, mkataba wa pango la fremu, cheti cha ndoa kilichotafsiriwa Kiingereza, na barua ya ukurasa mmoja niliyoiandika mwenyewe: nakwenda siku 9, nitalala hapa, nitaona hiki, narudi tarehe fulani. Picha nilipiga kwenye shuka jeupe la nyumbani. Vidole hawakuchukua upya, maana alama za vidole hutumika tena kwa miezi 59. Usidhani basi kwamba wamekusahau. Kumbukumbu za maombi hukaa kwenye mfumo wao hadi miaka mitano, na swali la kwanza nililoulizwa ni hilohilo: ulinyimwa 2023, kimebadilika nini?

Ikanitoka. "Zile milioni 10 zilikuwa za shemeji."

Aliinua macho. Sisemi uige, mimi lilinitoka tu, na kwa dakika nzima nilijua nimeshaiua safari. Akageuza kurasa za stetimenti mpya, polepole. Kisha akauliza lile la zamani: ukiondoka duka ataliangalia nani?

Nikamwambia mke wangu, na kijana mmoja. Lakini Juni lazima niwe nyumbani, kwa sababu katikati ya mwaka maombi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo yakifunguliwa foleni ya dukani kwangu inafika barabarani, na hiyo ndiyo miezi inayonilipia kodi ya fremu mwaka mzima. Nikikosekana, jirani mwenye printa atawachukua wote. Nilisema hivyo kwa uchungu wa kweli, kwa sababu jirani huyo yupo na ameshaniibia wateja. Akaandika kwa muda mrefu. Sikuandaa jibu hilo. Lilikuwa maisha yangu tu, na mwaka 2023 nilikuwa nayo vilevile, nikaenda dirishani kusema "nitafunga tu" ili nionekane mtu mwenye pesa asiyejali duka. Na nilikuwa nimeomba kusafiri Julai na Agosti, katikati ya msimu wenyewe! Mtu anayeondoka dukani siku za mavuno, nani atamwamini kwamba ana duka?

Vijana wangu, mnapokwenda pale mnajipamba muonekane hamna shida nyumbani. Mnaficha shamba la machungwa, mnaficha bodaboda ya mkataba, mnamficha mama mnayemhudumia, mnakwenda na suti na salio la kuazima. Mnaficha kila kinachowafunga, halafu mnashangaa kuambiwa hamtarudi. Kinachokufunga kiandike, kipigie picha, kitafutie karatasi. Na acheni kuazima salio. Nimesema nitarudia.

Jibu lilikuja siku ya 11. Ulaya yenyewe nimeshaweka picha, sirudii. Chakula kilikuwa vile nilivyotarajia. Koti nililibeba mkononi siku zote 9 kwa sababu Mei jua linawaka, nikalirudisha likiwa na vumbi lilelile la mlangoni.

Kijana wa Muheza, nimekujibu leo asubuhi na hujaridhika, nimeona. Umeniandikia shamba ni la baba na unaona aibu kupeleka karatasi za machungwa ubalozini. Njoo dukani Jumamosi na stetimenti zako za miezi sita na daftari la mauzo ya machungwa kama unalo. Kama huna, tutaanza nalo hapo, na safari yako itakuwa mwakani. Kusoma sitakutoza. Picha nitakutoza, nne kwa elfu tano, siku hizi nina kitambaa cheupe pia.