Wi-Fi ya Broadcom haionekani kwenye Ubuntu
Kadi ya Wi-Fi ya Broadcom BCM4360 kutoonekana baada ya kusakinisha Ubuntu si dalili kwamba imekufa. Inakosa tu draiva (programu inayoiendesha kadi) ya wl, ambayo si ya chanzo huria na kwa hiyo haimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Pata intaneti kwanza kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB, kisha uandike kwenye terminali lspci -nn, amri inayoorodhesha vifaa vya kompyuta pamoja na namba zao, na ukiona namba 14e4:43a0, sakinisha kifurushi cha draiva, bcmwl-kernel-source, pamoja na faili za kerneli za kuijengea, linux-headers-generic, kwa kuwa draiva hiyo hujengwa papo hapo kwenye mashine yako. Iwapo amri ya kuipakia, sudo modprobe wl, itakataliwa kwa kosa la ufunguo, kizuizi ni Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva zisizo na saini inayoaminika. Wengi huizima, ila mimi ningesajili ufunguo wa MOK (ufunguo wa mwenye mashine unaoifanya saini ya draiva iaminike) kompyuta inapowaka upya.