Mondlane hakufia ofisini
Je, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO (chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Ureno), aliuawa kwa bomu ofisini kwake? Hapana, bomu halikulipukia ofisi ya FRELIMO. Mondlane alichukua barua zake ofisini asubuhi ya 3 Februari 1969, akaenda nazo Oyster Bay, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya rafiki yake Mmarekani, Betty King, ambako alipenda kufanyia kazi kwa utulivu. Kifurushi chenye kitabu kilichofichwa bomu alikifungulia huko. Ndiyo maana wengine husema "aliuawa ofisini" na wengine "nyumbani kwake", na wote wamekosea.

Nani alikituma? Hapo ndipo penye mzozo wenyewe. Polisi wa Tanzania walisaidiwa na Interpol, na betri za bomu zikafuatiliwa hadi Lourenço Marques (Maputo ya leo), kwa hiyo kidole kikaelekea PIDE, polisi wa siri wa Ureno. Lakini kifurushi kilipitaje hadi mezani kwake? Watu wa ndani ya FRELIMO walishukiwa, hasa Lázaro Nkavandame, aliyekuwa kiongozi wake katika mkoa wa Cabo Delgado, aliyejisalimisha kwa Wareno miezi michache tu baadaye. Kushukiwa si kuthibitishwa, lakini. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa mahakamani kwa kifo hicho.