Majivu Usiyapeleke Kwenye Chai

Ndugu yangu unayeanza kulima chai huku Usambara, mazoea ya shamba la mahindi yaache nyumbani. Mimi nilikuja nayo, yakaniponza. Jikoni majivu ya kuni hayakuisha na migomba iliyafurahia, nikaona heri na miche ya chai iliyo nyuma ya nyumba ipate. Baadaye majani machanga yakawa manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Nikadhani ni njaa, nikaongeza majivu!

Chai hutaka udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali, kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi) ya 4.5 hadi 5.6 hivi. Majivu na chokaa huiua tindikali hiyo, na hapo mizizi hushindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamejaa ardhini. Kabla hujamwaga chochote, pima udongo.

Samadi nayo ina hesabu yake. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya dukani ya NPK 25:5:5, ile ya chai, robo yake ni naitrojeni, yaani kilo 12.5. Samadi kavu ya ng'ombe iliyotunzwa vizuri ina naitrojeni kama asilimia 1 hadi 2 tu. Ukitaka kufidia mfuko mmoja, utapandisha mlimani kilo 625 hadi 1,250, na njia zetu unazijua. Ndiyo maana sisi wenye ng'ombe wawili zizini hatuitawanyi shamba zima. Tunaiweka kwenye mashimo ya miche mipya na pale tunapoziba mapengo. Iwe imeoza kabisa, maana mbichi huunguza mizizi. Chomeka kijiti katikati ya rundo, kiache kidogo, kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, bado.

Lakini mbolea nyingi kuliko yote unayo tayari. Kila miaka 3 au 4 ukipogoa, yale majani na vijitawi yaache yalale hapo hapo kati ya mistari. Yanarudisha ulichochuma, na mvua ya masika haiupigi udongo moja kwa moja na kuushusha bondeni. Shida ni kuni. Vijiti vya chai vinawaka vizuri, na mwenye jiko hatakuelewa. Kwangu tulipatana: vigogo vinene ni vyake, vyembamba na majani havivuki mpaka wa shamba. Kama matandazo hayatoshi, panda majani ya Guatemala, yale nyasi marefu, kwenye kingo, ukate na kutandaza, ila usiyasogeze mpaka kwenye shina. Usiyafukie kwa jembe pia. Mizizi inayolisha chai iko juu juu, utaikata.

Ile miche ya nyuma ya nyumba nilihangaika nayo misimu miwili, kisha nikaing'oa. Pale sasa kuna migomba, na majivu yote yanaishia huko.