Kaseti Adimu za Atari 2600: Maswali Yenu na Majibu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mashine moja ya kuchezea gemu kwenye televisheni, Atari 2600, ile yenye uso wa michirizi ya mbao iliyotoka 1977 ikiitwa VCS. Sishangai. Kaseti zake, vile vipande vya plastiki vya kuchomeka vyenye gemu ndani, zilitolewa na kampuni nyingi, kubwa na za mfukoni, na uvumi unaozizunguka umezidi kaseti zenyewe. Nyingine nimezijibu kwa kirefu, nyingine kwa mkato. Aliyejibiwa kwa mkato asinune.

Kaka, nimenunua boksi la kaseti kuukuu na ndani yake nimekuta E.T. Nasikia zilizikwa jangwani. Je, nimeokota dodo chini ya mnazi?

Pole ndugu yangu, dodo hilo wameliokota wengi. E.T., gemu ya ile filamu ya jina hilohilo, ni miongoni mwa kaseti zinazopatikana kirahisi kuliko karibu zote za mashine hii. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa wiki kama tano tu aimalize ili iwahi Krismasi ya 1982, na Atari ikatoa kopi nyingi mno kupita wanunuzi. Zilizododa, pamoja na shehena ya gemu nyingine, zikafukiwa kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, Septemba 1983. Mtu akisikia "zilizikwa" anadhani ziliisha. Lakini nani anazika kitu kwa malori kama hakijamjaa ghalani?

Aprili 2014 jalala lile lilifukuliwa na kaseti kama 1,300 zikatolewa, nyingi zikiwa gemu nyingine, hata Centipede ambayo watu waliipenda. Mji ukaziuza nyingi kwa mnada zikiwa na vyeti, na E.T. moja ikavuka dola 1,500. Aliyelipa pesa hizo alinunua uchafu wa jalala wenye cheti. Yako ni safi na haina cheti, kwa hiyo ichomeke ucheze. Si mbaya kama inavyosemwa, ukishasoma kijitabu chake cha maelekezo na kuelewa kwa nini unaanguka shimoni kila dakika.

Sasa zipi ni adimu kwelikweli, na zimekuwaje adimu?

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Mimi kaseti ikinijia mkononi, kabla ya kuuliza bei najiuliza ilimfikiaje mtu wa kwanza aliyeimiliki. Iliyouzwa madukani kwa kampuni kubwa, hata iwe na umri wa miaka arobaini na zaidi, itapatikana tu. Iliyopita njia ya uchochoroni ndiyo ya kuitafuta.

Chukua Pepsi Invaders. Mwaka 1983 Coca-Cola iliagiza Atari iibadilishe Space Invaders kwa ajili ya mkutano wa watu wake wa mauzo huko Atlanta. Maadui wanaoshuka wakageuzwa kuwa herufi P, E, P, S, I, na kile chombo kinachopita juu kikawa nembo ya Pepsi. Mchezaji hafi akaisha. Anapiga risasi kwa dakika tatu, kisha kioo kinaandika kwamba Coke imeshinda. Zilitengenezwa kopi 125, zikagawiwa wafanyakazi. Hakuna duka lililowahi kuiweka rafuni, na wengi waliopewa hawakuwa watu wa gemu. Fikiria ngapi ziliishia kwenye droo, kisha kwenye pipa.

Njia nyingine ni posta. CommaVid, kampuni ndogo ya gemu, walikuwa na kaseti iitwayo Magicard, ya kujifunzia kuandika programu, ambayo yenyewe haikuwa na wateja wengi. Halafu wakatoa Video Life na kuiuza kwa posta kwa wale tu waliokuwa na Magicard. Wachache kati ya wachache. Atari wenyewe walifanya jambo la kufanana na hilo kwa Quadrun, waliyowauzia wanachama wa klabu yao, ila hiyo bado unaweza kukutana nayo.

Kisha kuna vikampuni vilivyochomoza na kuzama. Air Raid ya Men-A-Vision ndiyo inayowatoa watu udenda: kaseti ya bluu yenye mshikio wa umbo la herufi T juu yake, ambayo hutaifananisha na nyingine. Zinazojulikana ni chache sana. Mwaka 2010 iliyokuwa na boksi lake iliuzwa dola 31,600. Mwaka 2012 ikajitokeza yenye boksi pamoja na kijitabu, ikauzwa zaidi ya dola 33,000. Gemu yenyewe ni ya kulinda majengo yasilipuliwe na ndege. Ukiicheza robo saa utakuwa umeshiba.

Red Sea Crossing ina kisa kinachonifurahisha zaidi. Ni ya 1983, unamwongoza Musa kuvuka bahari, na ilitangazwa kwenye gazeti la Kikristo, mahali ambapo wapenzi wa gemu hawakuwa wakitazama. Wakusanyaji hawakuijua kabisa mpaka ilipookotwa 2007 kwenye vitu vya nyumbani vilivyokuwa vikiuzwa nje ya nyumba ya mtu. Mwaka 2012 moja iliuzwa dola 10,400. Na Gamma Attack ya Gammation, hiyo kopi halisi inayojulikana ni moja tu, kwa hiyo usijisumbue kuiweka kwenye orodha yako ya kununua.

Ila angalia na upande wa pili. Chase the Chuck Wagon, iliyotolewa 1983 kutangaza chakula cha mbwa, mteja aliipata kwa kutuma vithibitisho kwamba amenunua chakula hicho. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kati ya adimu za juu kabisa. Watu walipoanza kupekua stoo zao, zikajitokeza, na leo haitikisi kama zamani. Aliyeinunua kwa hofu ya kukosa alilipia uvumi.

Shikamoo mwalimu. Kaseti zangu haziwaki mpaka nizipulize. Kuna ubaya?

Marahaba. Upo. Pumzi ina unyevu, na unyevu juu ya vile vipande vya shaba vinavyogusana na mashine, ambavyo mimi naviita meno, huleta kutu polepole. Unapopuliza na ikawaka, mara nyingi kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka tena.

Fanya hivi. Kaseti nyingi za Atari zina kifuniko cha springi kinachoficha meno. Kisukume nyuma kwa kitu chembamba bila kutumia nguvu. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya aisopropili, ile ya asilimia 90 au zaidi, kikamue kidogo, kisha pangusa meno kutoka juu kwenda chini. Kijiti cha kwanza kitatoka cheusi kama masizi, cha pili kijivu. Endelea mpaka kitoke cheupe, kisha acha ikauke dakika kadhaa kabla ya kuichomeka. Msasa usiuguse kabisa, unakula shaba.

Na kijiti kisiwe kinadondosha. Niliwahi kusafisha kaseti ya Activision kwa haraka, tone moja likapita pembeni likaingia chini ya lebo ya ukingoni, ile ndogo yenye jina la gemu. Kesho yake ilikuwa imenyanyuka kama kucha iliyogongwa nyundo. Meno yanang'aa mpaka leo, lakini lebo ndiyo hiyo.

Muuzaji ananihakikishia kaseti ni halisi. Nitajuaje kama si feki?

Anza kwa kuelewa kwa nini kughushi ni rahisi. Gemu nyingi za mashine hii zina baiti 2,048 au 4,096, na baiti moja ni kama herufi moja. Ukurasa huu unaousoma una herufi nyingi kuliko hizo. Yaani gemu nzima inaweza kunakiliwa kwa kufumba na kufumbua na kuwekwa kwenye chipu mpya ndani ya ganda la kaseti ya bei ya chini. Ndiyo maana kinachouzwa ghali ni ganda, lebo, saketi na historia. Programu yenyewe haina uadimu wowote.

Kwanza pitisha kidole katikati ya lebo. Kaseti nyingi za Atari zimefungwa kwa skrubu iliyofichwa chini ya lebo, na utahisi kishimo chake. Kikiwa kimetobolewa, au lebo imenyanyuliwa na kubandikwa upya, kaseti ilishafunguliwa. Huenda ni fundi alikuwa anaitengeneza, huenda ni mtu alibadilisha utumbo. Pili, tazama uchapaji kwa kioo cha kukuzia ukilinganisha na kaseti nyingine ya kampuni ileile na mwaka uleule: feki nyingi zina wino unaong'aa kupita kiasi na ncha za herufi zilizofifia.

Tatu ni chipu, na hapa ndipo wengi wanakosea. Kaseti za kampuni kubwa kwa kawaida zina chipu iliyochapwa programu kiwandani, isiyobadilika. Ukikuta chipu yenye kidirisha cha kioo, ile inayofutwa kwa mwanga wa urujuanimno na kuandikwa upya, ndani ya kaseti ya kawaida ya dukani, simama kwanza. Lakini vikampuni vidogo, na kaseti za majaribio, vilitumia chipu hizohizo kwa sababu ilikuwa nafuu kwa idadi ndogo. Chipu peke yake haihukumu kesi. Na ukiikuta, usikiondoe kile kibandiko kilichofunika kidirisha. Mwanga ukiingia kwa muda mrefu, gemu inafutika na hutaipata tena.

Muuzaji asiyetaka kukutumia picha ya nyuma na ya meno, achana naye. Hata akiwa mkweli, huna njia ya kujua.

Kuna watu wanaotengeneza nakala na kusema wazi kwamba ni nakala. Hao sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe ninazo.

Nimeagiza kaseti kutoka Marekani. Inaingia vizuri, ila rangi zimevurugika na picha inajiviringisha juu chini. Mbovu?

Nzima kabisa. Atari 2600 haina kufuli la kuzuia kaseti za nchi nyingine, kwa hiyo yoyote itaingia. Tatizo ni televisheni. Kaseti ya Marekani imeandikwa kwa mfumo wa NTSC, picha 60 kwa sekunde. Mashine yako ni ya PAL, inayotegemea 50 na rangi zilizopangwa kwa namba tofauti. Anga la bluu linaweza kutoka na rangi usiyoitegemea. Mwenye mashine ya SECAM, mfumo wa tatu wa televisheni, hali yake ni ngumu zaidi, kwani ile ina rangi nane tu. Jaribu televisheni inayopokea mifumo yote miwili, picha itatulia. Rangi ndiyo utaizoea.

Boksi lina umuhimu gani kweli? Mume wangu anasema ni makaratasi tu.

Dada, mwambie makaratasi hayo mara nyingi yana bei kuliko kilichomo ndani. Watoto walichana boksi siku ya kwanza na kulitupa, kaseti ikabaki. Yaweke mbali na jua, maana wekundu hupauka kwanza, na mbali na unyevu. Haya mambo ya kuifungia kaseti kwenye kasha la plastiki lenye alama za ubora, isichezwe milele, kila mtu na moyo wake. Mimi sijafungia hata moja.

Naanza sifuri na pesa sina nyingi. Nianzie wapi?

Chagua kampuni moja. Ningekuwa wewe ningeanza na Activision, iliyoanzishwa 1979 na waandishi wa programu waliotoka Atari kwa sababu majina yao hayakuwa yakitajwa popote. Gemu zao ni nzuri, na nyingi hazina bei ya kutisha. Kisha tafuta vitambaa. Ulikuwa ukifikisha alama fulani, mfano 20,000 kwenye Pitfall!, unapiga picha kioo cha televisheni, unaituma kwa posta, na Activision wanakutumia beji ya kitambaa ya kushonea kwenye nguo. Nacho kilimfikia mtu kwa njia yake: ilibidi acheze vizuri kwanza, na awe na kamera.

Nimepata kaseti isiyo na lebo kabisa, saketi imeandikwa namba kwa kalamu. Niifanyeje?

Usiichomeke. Usiifungue zaidi, usiisafishe, na hiyo namba ya kalamu usiiguse kwa spiriti hata tone, kwani huenda ndiyo ushahidi pekee wa ilikotoka. Inaweza kuwa kaseti ya majaribio, inaweza kuwa kazi ya fundi wa mtaani. Sitakudanganya kabla ya kuiona. Ipige picha mbele, nyuma na meno, karibu na dirisha lakini si juani. Muulize aliyekuuzia aliipata kwa nani, na yule wa kabla yake alifanya kazi gani. Andika majibu hayo leo kabla hamjasahau. Kisha mtafute mwenye kifaa cha kusoma chipu, atoe nakala ya kilichomo kwanza kabla ya lingine lolote. Picha nitumie.