Mkanda wa HDV na kompyuta nzito

Pole ndugu yangu. Nimekuelewa: harusi ya dada yako ipo kwenye mkanda wa HDV (video ya HD, yenye picha kubwa), kompyuta inakwama ukihariri, na nyumbani wanataka DVD tu. Iache kamera yenyewe ipunguze ukubwa wa picha. Kwenye kamera nyingi za HDV za Sony, ingia kwenye menyu, tafuta i.LINK CONV (i.LINK ni jina la Sony la tundu la FireWire, linalounganisha kamera na kompyuta), uchague HDV→DV, yaani kutoka HD kwenda video ya kawaida. Fanya hivyo kabla ya kuchomeka waya wa i.LINK, la sivyo kompyuta inaweza isiitambue kamera. Picha itatoka nukta 1440 kwa 1080 na kuwa 720 kwa 576, yaani PAL, mfumo wetu wa TV. Kwenye mradi wako wa kuhariri weka 16:9, yaani picha pana. Ukisahau, bibi harusi ataonekana amekonda na kurefuka.

Mkanda wenyewe usirekodi juu yake, tafadhali. Unyevu wa Dar huleta ukungu: ukiona weupe pembeni mwa utepe, usiucheze, mpelekee fundi.